Injini ya Tatu: Kinga au Mzigo?

Tarehe 2 Agosti 1932, Jack Frye wa shirika la ndege la TWA, Marekani, aliviandikia viwanda vya ndege barua fupi: anahitaji ndege ya abiria ya chuma, yenye injini tatu. Kiwanda kimoja, Douglas, wakaja na michoro ya injini mbili.

Frye hakuwa mjinga. Injini za miaka ya 1920 zilizimika mara kwa mara. Ndege ya injini mbili ikipoteza moja, nusu ya nguvu imekwenda, na nyingi za wakati ule zikiwa na mzigo ziliteremka tu. Ya injini tatu ilipoteza theluthi. Ndiyo sababu ndege za injini tatu kama Fokker na Ford Trimotor ziliaminiwa. Februari 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels kwa ndege ya Handley Page ya injini tatu kuelekea Léopoldville, Kinshasa ya leo, akafika baada ya siku 51. Mtu anayevuka Sahara na msitu wa Kongo, mimi nisingethubutu kumwambia apunguze hata injini moja.

Lakini injini tatu zina nafasi tatu za kuharibika. Tena ile ya puani huvurumisha upepo wake kwenye kiwiliwili cha ndege na kuipunguzia kasi, huku kelele na mtikisiko vikiwafikia abiria moja kwa moja. Na wingi wa injini hauponyi ubovu mwingine: Machi 1931 Fokker F-10 ilivunjika bawa la mbao ikaanguka Kansas, wakafa wote wanane, akiwemo Knute Rockne, kocha wa futiboli ya Kimarekani. Injini tatu hazikuwafaa kitu.

Kwangu, swali la haki ni hili: moja ikizimika, nguvu iliyobaki inatosha? TWA waliuliza hivyohivyo. Walikubali injini mbili kwa sharti kwamba ndege iweze kuruka kwa injini moja, huku imejaa mzigo, kwenye kiwanja chao chochote. Septemba 1933 DC-1, ndege hiyo ya Douglas, iliruka kutoka Winslow, Arizona, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, injini moja ikazimwa, nayo ikafika Albuquerque. Kila injini yake ilikuwa na takriban nguvu za farasi 700. Ford za mwanzo zilikuwa na kama 200 kila moja.

Hapo Douglas walishinda, ila si kila mahali. Februari 1935 Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, walipoanzisha safari za kawaida za Ubelgiji na Kongo, siku tano na nusu njiani, walitumia Fokker ya injini tatu.