Safari ya gari Ulaya: acheni kuhesabu nchi

Kiangazi kikikaribia, makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki tunaoishi Ujerumani hujaa ramani za aina moja: München, Zürich, Milano, Venezia, Ljubljana, Vienna, Praha, halafu nyumbani. Nchi sita kwa wiki moja, gari la kukodi, watu wanne na mabegi yao. Kila mtu anaandika "nimo". Mimi simo, na sababu ninazo.

Tuanze na pesa, maana ndiyo inayovunja urafiki. Ujerumani haitozi magari madogo kwenye barabara zake kuu, lakini ukivuka tu hadithi inabadilika. Uswisi inauza stika ya kulipia barabara kuu ya mwaka mzima tu, faranga 40. Ukikatiza kwa saa tatu unalipa sawa na mkazi wa Zürich. Austria, Slovenia na Cheki kila moja ina stika yake. Austria tena ina mahandaki yanayolipiwa kando, kama Tauern na Karawanken, hata kama stika unayo. Italia unachukua tiketi unapoingia, unalipia kilomita unapotoka. Hapo hatujagusa mafuta wala maegesho. Na miji mingi ya Italia ina mitaa ya katikati inayolindwa na kamera, ambako gari la mgeni haliruhusiwi. Faini hukufuata kwa posta miezi baadaye, wakati mmeshagawana gharama na kila mtu kashika lake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagueni mpaka mmoja, mkae nao. Ninaoupigia debe mimi ni ule wa pembe ya Austria, Slovenia na Italia.

Tokeni München Jumapili asubuhi. Siku hiyo malori hayaruhusiwi barabarani Ujerumani mpaka saa nne usiku, kwa hiyo njia inapumua. Vyakula nunueni Jumamosi, maduka yatakuwa yamefungwa. Kusafiri Jumamosi ya Agosti ni kutafuta foleni kwa makusudi.

Villach, kusini mwa Austria, ndipo pa kuachana na barabara kuu. Mnavuka kwenda Kranjska Gora, Slovenia, kisha mnaanza kupanda Vršič: kona kali 50 kwa jumla, na kilele kiko mita 1,611. Upande wa kupanda kona zimesakafiwa kwa mawe. Matairi yananguruma, dereva anarudi gia ya pili, na yule aliyekuwa akichagua muziki anaacha simu ashike mlango. Barabara hii ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kirusi, Vita Kuu ya Kwanza, ili jeshi la Austria na Hungaria lipitishe mahitaji kwenda mstari wa mbele wa mto Soča. Machi 1916 poromoko la theluji liliwafunika wengi wao. Karibu na kona ya nane kuna kanisa dogo la mbao walilojenga wenzao waliobaki. Simameni hapo. Njia hii msiipange Januari, theluji huifunga.

Ng'ambo ya pili mnashuka na Soča yenyewe, maji ya kijani kiasi kwamba picha huonekana kama zimetiwa rangi, mpaka Kobarid, jeshi la Italia liliposhindwa vibaya vitani mwaka 1917, na mwishowe Gorizia, mji wa Italia ulio mpakani. Hapa ndipo ninapomuuliza mtu wa Milano na Venezia: umewahi kusimama kwenye uwanja ambao nusu yake ni nchi nyingine? Mpaka wa 1947 uliuacha mji Italia na stesheni yake moja ya treni Yugoslavia, upande ambao leo ni Slovenia, na Wayugoslavia wakajenga mji wao mpya kando, Nova Gorica. Uzio uliokata uwanja wa stesheni uliondolewa 2004. Mwaka 2025 miji hiyo miwili ilikuwa pamoja Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Sisi tunaoijua Tunduma na foleni zake za malori tuna haki ya kukaa pale dakika chache tukishangaa.

Ila msilewe na habari za Ulaya bila mipaka. Italia ilirudisha ukaguzi upande wa Slovenia Oktoba 2023, Ujerumani ikaanza kukagua mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na tusidanganyane, gari lenye sura kama zetu husimamishwa mapema. Pasipoti na kibali cha ukaazi viwe mkononi, siyo kwenye buti. Mkataba wa gari nao usomwe: kampuni nyingine hazitaki gari livuke kwenda baadhi ya nchi, na mkipata ajali huko bima inakaa kimya.

Na kama mmembeba mama aliyekuja kuwatembelea kwa viza ya kuingia mara moja, asije mtu akashauri "tuteremke kidogo tuone Mostar", mji wa Bosnia. Kroatia imo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Januari 2023, Bosnia haimo. Mkimvusha tu, viza yake imekwisha, na kumrudisha ni kazi ya ubalozi.

Anayeililia Vienna au Praha, treni za moja kwa moja kutoka München zipo, atalala njiani na hakuna atakayemwomba ashike usukani.