Kuhani Eli: kosa lilikuwa la baba au la kuhani?

Mahubiri ya malezi hayamkosi Eli. Tunaambiwa aliwadekeza wanawe, Hofni na Finehasi, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nimeyasikia hayo tangu utotoni, lakini kila ninapoirudia 1 Samweli naona shtaka tunalomsomea Eli silo lililoandikwa.

Hofni na Finehasi hawakuwa watoto. Walikuwa makuhani pale Shilo, palipokuwa na hema la ibada la Israeli, na mmoja ana mke mjamzito. Watu wakichemsha nyama ya dhabihu, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, anaudidimiza sufuriani, na kitakachopanda nao ni cha kuhani. Nyingine waliidai ikiwa mbichi, kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana. Anayesita anatishiwa kunyang'anywa. Tena walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Ni watu waliotumia kazi takatifu kuwaonea waumini, na mwenye mamlaka ya kuwatoa madhabahuni alikuwa Eli. Aliishia kuwaambia kwamba habari anazozisikia si njema.

Wanaomtetea husema alikuwa mzee, macho yamefifia, na kukemea alikemea. Wanaongeza 2:25: wana hawakusikia kwa sababu Bwana alikuwa ameazimu kuwaua. Hoja hii ya mwisho inanisumbua, na sina jibu jepesi. Ila ya uzee siikubali. Mtu wa Mungu alimwendea akamwambia wazi kwamba anawaheshimu wanawe kuliko Mungu, nao wote wananenepa kwa sadaka za Israeli. Katika Kiebrania, kuheshimu na kuwa mzito ni mzizi mmoja, na sura ya nne inasema Eli alikuwa mzito. Sidhani mwandishi alilitupia neno hilo hapo bure.

Hata hivyo, mtu huyu ndiye aliyemlea nabii Samweli. Alimdhania Hana, mama yake Samweli, mlevi alipokuwa akiomba, lakini alipoelezwa hakushikilia neno lake, alimbariki palepale. Usiku Samweli aliposikia sauti ikimwita akadhani ni Eli, akamjia mara ya tatu, Eli ndiye aliyetambua kwamba kijana anaitwa na Bwana, akamfundisha jibu. Asubuhi alimwapisha asimfiche kitu. Ujumbe ulikuwa wa kuangamia kwa nyumba yake mwenyewe. Akasema ni Bwana, na afanye alilo jema machoni pake. Wengine wanaona hapo uzembe uleule wa kuachia mambo. Mimi naona mwalimu aliyekubali kuhukumiwa kwa kinywa cha mwanafunzi wake, na sijui wengi waliowahi kufanya hivyo.

Na kama kipimo ni watoto, Samweli naye tumpime. Wanawe Yoeli na Abiya, waamuzi huko Beer-sheba, walikula rushwa mpaka wazee wakadai mfalme. Mbona yeye hatumhubiri kama baba aliyeshindwa?

Siku ya mwisho Eli, mwenye miaka 98, baada ya kuiamua Israeli miaka 40, alikuwa ameketi kando ya njia akingoja habari za vita na Wafilisti. Mjumbe akamwambia Israeli wamekimbia, watu wengi wameuawa, Hofni na Finehasi wamekufa. Hayo aliyasikia akiwa bado kitini. Lilipotajwa Sanduku la Mungu, lile sanduku takatifu la agano, kuwa limetekwa, ndipo alipoanguka nyuma, shingo ikavunjika.