Debe la Rafiki na Kilemba cha Ukoka

Mwaka juzi rafiki yangu alichapisha riwaya kwa fedha zake mwenyewe, nakala 300, na mimi nikawa wa kwanza kuipigia debe. Niliiweka kando ya kikombe cha chai, nikaipiga picha kama tunavyofanya wote, nikaandika kwamba nimekesha nayo. Siku tisa baadaye mwanamke mmoja wa Tanga, nisiyemjua wala kuwahi kumwona, akaniandikia inboksi: "Dada, shikamoo. Samahani, hivi wewe mwenyewe uliisoma mpaka mwisho?"

Nilikuwa nimefika ukurasa wa 90. Riwaya ina kurasa 214. Ile shikamoo iliniuma kuliko swali.

Sisi tunaoandika kuhusu vitabu vya Kiswahili mtandaoni tunajuana karibu wote. Tulianza kama wasomaji, tukazoeana, tukawa marafiki, kisha mmoja baada ya mwingine tukaanza kuandika vya kwetu. Ingia leo kwenye kundi la WhatsApp la wapenda riwaya, si ajabu ukakuta anayesifu, anayesifiwa, aliyehariri na anayepokea oda ni watu wanne waliokula pilau sinia moja Idi iliyopita. Kwa msomaji wa Tanga ambaye hakuwapo kwenye pilau hilo, sifa zetu zina thamani gani?

Wapo wanaojibu haraka kwamba hazina thamani yoyote: ukimsifu rafiki yako hadharani unamvika kilemba cha ukoka, na mtu mwenye heshima hukaa kimya kitabu cha rafiki yake kinapotoka. Nilikaribia kuwa mmoja wao, kwa sababu ya ile shikamoo. Lakini kadiri ninavyoufikiria upande wa debe, naona una hoja nzito kuliko unavyopewa.

Tunapenda kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyetunga methali hii hakuwahi kuuza riwaya ya Kiswahili. Chema hujiuza kikiwa gengeni, mteja akiminya nyanya kwa kidole. Kitabu hakiminywi, na genge lenyewe halipo. Rafu za maduka mengi ya vitabu zimejaa vitabu vya kiada na madaftari, kwa kuwa soko la shule ndilo linalowaweka mjini wachapishaji wengi. Mwandishi wa riwaya anajichapishia, anahifadhi maboksi chini ya kitanda, anapokea malipo kwa simu, na kitabu kinapanda basi kama kifurushi kwenda Kigoma. Huyo mtu wa Kigoma aliambiwa na nani kwamba kitabu kipo? Mara nyingi ni rafiki wa mwandishi, au rafiki wa rafiki yake. Abdulrazak Gurnah alipata Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota wakatoa riwaya yake ya mwaka 1994 kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ungedhani kitabu chenye sifa hiyo hakihitaji debe la mtu. Mimi nilijua kimetoka kupitia stetasi ya mtu niliyesoma naye sekondari.

Wala si tabia ya mitandao peke yake. Mwaka 1855 mshairi wa Marekani Walt Whitman, akiwa hajulikani, alimtumia Ralph Waldo Emerson diwani yake aliyoichapisha mwenyewe. Emerson, mtu mzito wa zama zile, akamjibu kwa barua ya kumsalimu mwanzoni mwa kazi kubwa. Ilikuwa barua binafsi. Whitman aliruhusu ichapishwe gazetini, na toleo la pili lilipotoka mwaka 1856 maneno yale yalikuwa kwenye mgongo wa kitabu, kwa herufi za dhahabu, bila Emerson kuombwa ruhusa. Isitoshe, Whitman alikuwa ameandika mapitio ya kuisifu diwani yake mwenyewe na kuyatoa magazetini bila jina. Tukijilinganisha naye, sisi na vikombe vyetu vya chai ni watoto wadogo. Na diwani ile, kwa bahati mbaya kwa wanaopenda hadithi zenye funzo, ilikuwa nzuri kweli.

Kwetu nako waandishi wamebebana tangu zamani. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na kurasa za mashairi za gazeti hilo na za magazeti yaliyolifuata zilijaa watu wanaosalimiana, wanaosifiana na kutumiana mafumbo toka mji huu hadi ule. Jina la mshairi lilikuzwa na washairi wenzake waliomjibu. Lakini ndani ya salamu hizo mlikuwa na kitu ambacho sisi wa riwaya hatunacho: mshairi aliweza kumwambia mwenzake mbele ya wasomaji wote kwamba kina kimepotea au mizani imepelea, na salamu zikaendelea. Nimejiuliza sana waliwezaje. Nadhani ni kwa sababu mizani inahesabika. Mstari wa shairi tulilolizoea una mizani 16, nane kwa nane. Ukiwa na 15, hata mama mzazi wa mshairi akihesabu atapata 15. Kosa liko kwenye mstari, mtu yuko salama pembeni. Riwaya haina cha kuhesabia vidoleni. Nikikwambia mhusika wako mkuu hana uhai, wewe unasikia nimesema huna kipaji, tena nimesema mbele za watu, na ijumaa tutaonana kwenye kikao cha mchango wa harusi ya mdogo wako. Ndipo mtu anapochagua kuandika kwamba amekesha. Simtetei, maana ni mimi. Nasema tu kwamba uongo huu hutoka kwenye haya zaidi kuliko kwenye tamaa.

Sasa hasara yake. Yule dada wa Tanga alilipa Sh 15,000 za kitabu na Sh 5,000 za kukisafirisha. Fedha hiyo ingenunua mengine, lakini si hilo lililonikosesha raha. Katika mazungumzo yetu aliniambia kitabu hicho kilikuwa cha pili kumwangusha kwa sifa za mtandaoni, na kwamba sasa atarudi kusoma vya zamani ambavyo ana hakika navyo. Hakuacha kuniamini mimi tu. Aliacha kuiamini riwaya ya Kiswahili ya leo. Kwa hiyo mwandishi atakayetoa kitabu mwezi ujao, aliyekaa nacho miaka minne, akakiandika vizuri, akakihariri, atabisha hodi kwa mtu ambaye mimi nimeshamfungisha mlango. Deni nimekopa mimi, atalipa yeye.

Na kuna asiye na rafiki. Hili ndilo linaloniweka karibu zaidi na wale wa msimamo mkali. Debe hupigwa na wenye madebe: walioko Dar es Salaam au Nairobi, wenye wafuasi maelfu, wanaoalikwa kwenye uzinduzi. Mwalimu wa Songea mwenye mswada bora hana wa kumpigia. Malalamiko haya yapo hata kwenye masoko makubwa. Januari 2025 Sean Manning, anayeongoza chapa kuu ya kampuni ya vitabu ya Simon & Schuster nchini Marekani, alitangaza kwamba waandishi wake hawatalazimika tena kutafuta zile sentensi za sifa za kuwekwa kwenye jalada, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba mfumo huo mara nyingi huzawadia kujuana kuliko kipaji. Wao wana wahakiki wanaolipwa, na bado kujuana kuliwashinda. Sisi je, ambao kujuana ndiyo njia pekee iliyopo?

Halafu sifa ni mkopo. Nikikusifu leo, kesho kava yangu ikitoka unatarajiwa kunisifu, na ukinyamaza mimi nitajua, kundi zima litajua. Katika makundi niliyomo sijawahi kuona mtu akimpa mwanakundi mwenzake nyota tatu. Mahali ambapo kila kitu kina nyota tano, nyota zimekuwa mapambo ya ukutani.

Wengine wanasema dawa ni kuiga sheria za wenzetu. Marekani, tangu Desemba 2009, miongozo ya tume inayolinda walaji inamtaka mtu anayesifu bidhaa mtandaoni aseme wazi kama amepewa bure au ana uhusiano na mwenye bidhaa. Amazon hairuhusu ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi kuweka maoni kuhusu kitabu chake. Wana sababu: mwaka 2012 gazeti la New York Times lilieleza habari za biashara moja iliyokuwa ikiuza maoni, dola 99 kwa moja, dola 999 kwa hamsini, na waandishi wakinunua. Mwaka huohuo mwandishi wa Uingereza R. J. Ellory alikiri kwamba amekuwa akisifu vitabu vyake na kuponda vya wenzake kwa majina ya bandia.

Katazo la Amazon lina maana pale ambapo, ukiwaondoa marafiki, bado wanabaki wageni mia tatu wa kusema neno. Ukiwaondoa marafiki kwenye kitabu cha Kiswahili kilichochapwa nakala 300, kinabaki kimya, na kimya si uadilifu. Lile sharti la kusema wazi, hilo linabebeka. "Rafiki yangu kaandika kitabu" ni maneno manne tu.

Na hapa naona jambo ambalo pande zote mbili hulipita. Watu wetu hununua vitabu kwa nia mbili. Kuna kununua ili usome, na kuna kununua ili uchangie. Nikikwambia rafiki yangu kajinyima mwaka mzima akachapa kitabu, njoo tumuunge mkono, wapo wengi watakaotoa elfu kumi na tano kwa moyo mweupe, kama wanavyotoa mchango wa harusi. Hakuna mchangiaji wa harusi anayeuliza kwanza kama bwana harusi anavutia. Kitabu hicho kisiposomwa hakuna aliyedhulumiwa, na mwandishi amerudisha gharama za kiwanda. Sioni aibu hata kidogo katika mchango wa namna hiyo. Bila huo, waandishi wetu wengi wasingefika kitabu cha pili, ambacho ndicho mara nyingi huwa kizuri.

Kosa langu kwa yule dada lilikuwa kumwita kwenye mchango bila kumwambia kwamba ni mchango. Yeye alidhani amekuja sokoni. Niliyaita maneno yangu uhakiki, na hapo ndipo nilipovuka mpaka, kwa sababu uhakiki humtumikia anayesoma, na mimi nilikuwa namtumikia aliyeandika. Kama ningeandika "hongera sana, rafiki yangu", asingenunua, au angenunua akijua anachonunua.

Watasema wengine kwamba rafiki anaweza kufanya yote mawili, akupigie debe na akuhakiki kwa haki. Labda wapo. Mimi si mmoja wao, na katika hao ninaowasoma nimewaona wawili tu wakijaribu. Mmoja alipoteza rafiki, mwingine alipoteza kundi. Siku hizi nikiandika kuhusu kitabu cha mtu ninayemjua natanguliza kwamba namjua, nasema kinahusu nini na kinapatikana wapi, naeleza nimefika ukurasa gani, sitoi nyota. Sifa zimepungua nguvu, nakubali. Rafiki mmoja aliniuliza kama nimeanza kumwonea wivu.

Linalonisumbua zaidi ni wakati tunaoitwa. Ukweli wa rafiki una faida kitabu kikiwa bado mswada: unafuta sura, unamfufua mhusika, hakuna aliyelipa senti. Nakala zikishalala chini ya kitanda, ukweli uleule hauwezi kurekebisha hata nukta; unaweza kuumiza tu, au kuzuia mauzo. Na sisi tunaitwa kwenye jalada. Mwandishi anamaliza peke yake, anachapa peke yake, kisha anatutumia kava siku tatu kabla ya uzinduzi na kusema, jamani, naombeni mnisapoti. Kwa hiyo tunabaki na kazi moja tu, kupiga kelele.

Ningependa kuwalaumu waandishi kwa hilo, ila haingekuwa haki. Kusambaza kava ni sekunde kumi. Kusoma mswada wa kurasa mia mbili kwenye simu, ukiandika ukweli pembeni, ni wiki tatu za jioni zako, na mwishoni unaweza kununiwa. Miaka mitano iliyopita nilitumiwa miswada miwili nikaijibu kwa "nitaipitia". Yote miwili sasa ni vitabu. Mmoja wao ndio ule niliouishia ukurasa wa 90.

Yule dada nilimjibu ukweli, na nikamtajia ukurasa. Akaandika: "Basi dada mimi nimekushinda, nimefika 131." Hakutukana, hakunidai fedha. Tukazungumza mpaka usiku kuhusu sura ya sita, ambayo kusema kweli ni nzuri, na kuhusu kwa nini baada ya hapo mwandishi alionekana kuchoka.

Maneno yake mengi nilimfikishia rafiki yangu, bila kumtaja aliyeyasema. Alikaa kimya wiki mbili. Kisha Februari akanitumia mswada wa kitabu chake cha pili, kurasa 180, ukiwa na ujumbe mfupi: "Usinionee huruma." Nimesoma kurasa 40 na nimeandika maoni 11, matatu kati ya hayo nimeyafuta na kuyaandika upya mara kadhaa.

Jana ametuma na kava.