Lenzi ya umbali mmoja si lenzi ya mnyonge

Mgonjwa wa mtoto wa jicho anapotakiwa kuchagua lenzi ya kupandikizwa badala ya ile ya jicho iliyofifia, mizani huwa imeshaelemea upande mmoja. Lenzi ya umbali mmoja, inayoonesha vizuri umbali mmoja tu, huitwa "ya kawaida"; ya umbali mwingi, inayoonesha mbali na karibu, huitwa "ya kisasa", na nani anataka jicho lake liwekewe kitu cha kawaida? Majina hayo yanawapotosha watu.

Lenzi za umbali mwingi zina sifa zake, na ni za kweli. Aliyepandikizwa hizo macho yote mawili mara nyingi husoma ujumbe kwenye simu na kuendesha gari bila kugusa miwani. Kwa mtu ambaye kazi yake haimruhusu kuvaa miwani, hilo ni jambo kubwa, na wengi waliozichagua wameridhika.

Ila uwezo huo unatoka wapi? Lenzi haiongezi mwanga, inaugawa. Chukua lenzi ya umbali miwili yenye duara nyembamba zilizochongwa usoni mwake, ile inayogawa sawa kwa sawa: takriban asilimia 41 ya mwanga hujenga taswira ya mbali, asilimia 41 ya karibu, na kama 18 hutawanyika bila faida. Hesabu hiyo inafaa kutafakariwa. Ukitazama mbali, mwanga unaokuchorea kile unachokitazama haufiki nusu. Ule wa karibu nao unatua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ukiwa umejaa ukungu, juu ya taswira iliyo safi. Mchana ubongo huupuuza. Usiku, gari linalokuja huwa na duara la mwanga kuzunguka kila taa, na mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi huchelewa kujitenga na giza. Miundo mipya imepunguza usumbufu huo, haijaumaliza. Wengi huzoea baada ya miezi kadhaa, wachache hawazoei kabisa. Chati ya herufi haiwezi kuwatetea hao wachache, kwa sababu herufi zake ni nyeusi tii juu ya weupe. Mtu anausoma mstari wa chini bila kukosea, anaambiwa anaona vizuri, naye anajua fika kwamba haoni vizuri.

Ndiyo maana mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, au ambaye retina yake imeharibiwa na kisukari, kwa kawaida hushauriwa aziache. Jicho lake limeshapoteza sehemu ya uwezo wa kutofautisha kivuli na kivuli. Halina akiba ya kugawa.

Lenzi ya umbali mmoja hupeleka karibu mwanga wote mahali pamoja, na gharama yake ni miwani, mara nyingi ya kusomea. Hata hivyo, umbali huo huchaguliwa, na hapa ndipo wagonjwa wanapopunjwa maelezo. Mtu asiyeona mbali ambaye maisha yake yote amekuwa akivua miwani ili asome kitandani, lenzi yake ikipangiwa mbali bila kuulizwa, ataamka amepoteza kitu alichokuwa nacho. Huyo anaweza kuachiwa takriban dayopta 2.5 za kutoona mbali (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), asome kitabu kwenye sentimita 40 kwa jicho tupu, na miwani aivae anapotoka. Mwingine hupangiwa jicho moja mbali na la pili karibu kidogo, mpango ambao unaweza kujaribiwa kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho kabla ya upasuaji. Astigimatizimu, yaani mpindo usio sawa wa uso wa jicho, nayo ina lenzi yake iitwayo toriki, ambayo haimlazimishi mtu kuchukua ya umbali mwingi.

Lenzi isiyokubalika inaweza kubadilishwa, lakini vizuri iwe mapema, kabla kifuko kinachoishikilia hakijaifumbata. Kifuko hicho kikishatobolewa kwa leza ili kuondoa ukungu unaojitokeza baadaye, kuibadilisha huwa kugumu na kwa hatari zaidi. Kwa hiyo anayesumbuliwa na duara za mwanga tangu siku za kwanza asikubali leza kabla daktari hajahakikisha kwamba chanzo si lenzi yenyewe.