Ligamenti ya goti imekatika. Apasuliwe?

Ukikaa pembeni ya uwanja wa mchangani kwa msimu mmoja tu, utaliona. Winga anakimbia na mpira, anafunga breki ili abadili upande, hakuna aliyemgusa, anaanguka kashika goti. Waliokuwa karibu wanasema walisikia "paa!". Beki aliyekuwa akimkaba anainua mikono kumwonyesha refa kwamba hajafanya kitu, na safari hii anasema kweli.

Yanayofuata nayo yanajulikana. Barafu kutoka kwenye ndoo ya muuza maji, kitambaa, bodaboda. Jioni goti limevimba, pia ya goti haionekani. Kesho yake kwa mkandaji: maji ya moto, mafuta, kuchuliwa mpaka machozi. Wiki ya pili hospitali, eksirei, mfupa mzima, dawa za maumivu, na wengine wanafungwa hogo, ile plasta ngumu, wiki kadhaa. Miezi mitatu baadaye kijana hasikii tena maumivu, anarudi mazoezini, anageuka mara moja, goti linachomoka. Hapo ndipo neno "ligamenti" linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Ligamenti inayozungumzwa ni ile ya mbele, ambayo siku hizi hata mashabiki wa kijiweni wanaiita ACL. Ni kamba fupi iliyo ndani kabisa ya goti, inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele na kujizungusha mtu anapokata kona. Eksirei haiioni, kwa sababu eksirei huona mfupa. Lakini daktari mwenye mikono iliyozoea anaweza kuigundua bila mashine yoyote: analikunja goti nyuzi 20 hadi 30 hivi, anashika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mwingine, anavuta. Kamba ikiwapo, mvuto unagota. Ikiwa imekatika, mguu unakuja tu. Na goti lililovimba ndani ya saa chache tu baada ya kuumia mara nyingi limejaa damu, dalili ambayo peke yake ingetosha kumfanya mtu asirudishwe nyumbani na vidonge. Nasisitiza haya kwa sababu mabishano ya kupasua au kutopasua yanamhusu aliyegunduliwa, na wengi wetu mchangani hatufiki hapo.

Tuseme amegunduliwa. Sasa?

Jibu la mtaani liko tayari, maana tumelisoma kwa Waingereza. Virgil van Dijk aliumia goti Oktoba 2020 kwenye mechi ya Liverpool na Everton, akapasuliwa, akakosa msimu wote uliobaki pamoja na michuano ya Ulaya, kisha msimu uliofuata akarudi kuwa beki yuleyule. Rodri wa Manchester City, Septemba 2024, njia ileile. Kwa shabiki hesabu ni nyepesi: ligamenti imekatika, upasuaji, miezi tisa, uwanjani. Asiyepasuliwa ni yule ambaye hana pesa.

Na upasuaji wenyewe una mantiki nzuri. Ligamenti hii haishonwi kama nguo. Kwa kawaida daktari anachukua kano kutoka nyuma ya paja, au ile inayounganisha pia ya goti na ugoko, anaipitisha ndani ya goti kupitia matundu madogo na kuifunga kwenye mfupa wa juu na wa chini. Goti linapata kamba mpya. Kwa mtu ambaye mchezo wake ni kukata kona na kuruka, yaani mpira wa miguu, kikapu, netiboli, mikono, sababu ya kutaka kamba hiyo haihitaji maelezo marefu. Kila goti linapochomoka bila kamba, menisko, vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa kati ya mifupa, viko hatarini kuchanika.

Halafu wakaja Waswidi kutuharibia hesabu. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya utafiti uliochukua vijana 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wote wamekatika ACL karibuni. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi tiba. Kundi la pili lilianza na mazoezi tiba peke yake, na ruhusa ya kupasuliwa baadaye kama goti lingegoma. Baada ya miaka miwili, ukiwauliza kuhusu maumivu, michezo na maisha ya kila siku, makundi hayakutofautiana. Katika kundi la pili, 23 kati ya 59 walikuwa wameshapasuliwa. Kufikia mwaka wa tano walikuwa 30. Maana yake karibu nusu waliishi na goti lao bila kisu, na hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao.

Picha za MRI, kipimo kinachoona hata ligamenti, za utafiti huohuo ziliporudiwa kuangaliwa miaka mingi baadaye, jambo jingine likajitokeza: baadhi ya ligamenti ambazo hazikuguswa zilionekana kuungana zenyewe. Vitabu vilikuwa vimeshazoea kusema kwamba ACL haiungi.

Wapo na watu ambao magoti yao yanaonekana kutoihitaji kabisa. DeJuan Blair alicheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na San Antonio Spurs kuanzia 2009 bila ACL katika goti hata moja. Zote mbili zilitengenezwa alipokuwa sekondari, baadaye zikatoweka. Mtu wa aina hiyo hatumfanyi kipimo cha wengine, kama tusivyomfanya kipimo mzee aliyevuta sigara mpaka akafika miaka tisini. Anathibitisha kitu kimoja tu, kwamba misuli ikiwa na nguvu na ubongo ukijua goti liko wapi, kazi kubwa ya ile kamba inaweza kubebwa na wengine.

Utafiti wa Sweden unapendwa sana na wanaopinga kisu, lakini nadhani wengi wanaounukuu hawasomi nani aliachwa nje. Wachezaji wa kulipwa hawakuwemo. Waliokuwemo walikuwa wameumia karibuni, wakapata mazoezi tiba ya mpangilio, yakisimamiwa na watu waliosomea. Mgonjwa wetu aliyepita kwa mkandaji, akakaa na hogo, akarudi uwanjani na kuchomoka mara nne, hafanani nao hata kidogo. Huyo goti lake ni la zamani, limeshazoea kuachia, na menisko pengine imeshapata lake.

Anayefanana naye zaidi yuko kwenye utafiti wa Waingereza uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 316. Hawa hawakuwa wa jana na juzi. Walikuwa watu ambao tatizo la goti kuachia lilikuwa limeendelea. Nusu walipangiwa upasuaji, nusu mazoezi tiba, na baada ya miezi 18 waliopangiwa upasuaji walikuwa na hali bora: wastani wa alama 73 kati ya 100 za kipimo cha hali ya goti, dhidi ya 64.6. Watafiti wakaona hata kwa gharama, kisu kina faida. Hapa upande wa pili nao unapenda kuishia kusoma. Katika kundi la mazoezi, asilimia 41 ndio waliokuja kupasuliwa. Wengi zaidi hawakufika huko. Na katika kundi la upasuaji, zaidi ya robo hawakupasuliwa.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Kwa goti jipya la mtu asiyeishi kwa mpira, miezi mitatu ya mazoezi ya kweli kwanza, kisha uamuzi. Kwa goti la zamani linaloachia hata mtu akishuka daladala, kumwambia aendelee na mazoezi tu ni kumzungusha. Kwa kijana anayetafuta mkataba wa ligi, kisu, na mapema kiasi, mradi uvimbe umeshuka na goti linanyooka vizuri kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Na kuna goti lisilohitaji mjadala: lililojifunga, haliwezi kunyooka kwa sababu kipande cha menisko kimekwama katikati. Hilo linahitaji daktari haraka. Kuna pia goti lililotoka kabisa mahali pake, mguu ukawa wa baridi chini yake. Hilo ni la usiku huohuo, maana mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kuwa umeharibika, na mguu wenyewe ukapotea.

Ila msimamo wangu una shimo, na ni hili: pande zote mbili za ubishi huu zinadhani kuna fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba.

Soma tena tafiti hizo. Hakuna kundi lililopasuliwa likaachwa. Mazoezi tiba yalikuwa kwa wote. Tofauti ilikuwa ni kisu kuongezwa au kutoongezwa. Huku kwetu mara nyingi tunapanga kinyume. Familia inachangishana, timu inapitisha bakuli, kundi la WhatsApp la mtaa linajaa majina ya waliotoa elfu tano na elfu kumi, na fedha yote inakwenda kwenye MRI na upasuaji. Ikifika zamu ya kwenda fiziotherapia mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa, bakuli limeshakauka. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake inamshinda mtu anayetembelea magongo na hana kazi. Wachezaji wengi wa ndondo hawana bima, na hakuna anayechangisha kwa ajili ya nauli. Haina picha ya kuposti.

Wanaotetea upasuaji watasema, na wana haki, kwamba tumepiga hatua. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, inafanya upasuaji wa goti kwa matundu, jambo ambalo zamani lilikuwa la kupanda ndege. Hilo si dogo. Lakini foleni ya mifupa nchini inaliwa na majeruhi wa bodaboda, na aliyevunjika paja lazima atangulie mbele ya aliyekatika ligamenti. Hivyo mchezaji atasubiri, atake asitake. Swali lenye maana kwake ni anafanya nini katika miezi ya kusubiri. Akiimarisha msuli wa mbele wa paja atafika kwenye kisu akiwa na mguu wenye nguvu, au atagundua hakihitaji tena. Akikaa tu, paja linasinyaa, na paja lililosinyaa kabla ya upasuaji ni kazi mara mbili baadaye.

Hogo, katika hesabu hii, ndilo linaloniudhi zaidi. Linampa mgonjwa na mama yake hisia kwamba ametibiwa. Haliungi hiyo kamba. Linakausha msuli na kukakamaza goti. (Waaustralia wamejaribu kulifunga goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 kwa wiki nne za mwanzo, wakisema ligamenti nyingi zilionekana kuungana. Lakini walitumia kifaa maalumu wanachokilegeza hatua kwa hatua, kwa ratiba ya mazoezi, na hawakuwa na kundi la kulinganisha. Asije mtu akalitetea hogo kwa hilo.)

Miezi tisa nayo imegeuka imani. Asili yake ina ukweli. Kano iliyopandikizwa hulegea na kudhoofika katika miezi ya mwanzo kabla ya mwili kuifanya yake, na wakati huohuo maumivu yameisha, mchezaji anajiona mzima. Watafiti wa Oslo, Norway, na Delaware, Marekani, walifuatilia wagonjwa 106 na kuona kwamba kila mwezi uliosubiriwa, mpaka wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Ila katika utafiti huohuo kalenda haikutosha. Waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu, chini ya asilimia 6. Kocha anayemhesabia mchezaji miezi kama ujauzito anasoma nusu ya karatasi.

Wasichana wanapaswa kuwa mwanzo wa mjadala huu, nami nimewaweka mwishoni, kosa ambalo uwanja wetu mzima unalifanya. Hatari yao ya kukatika ACL katika mpira ni zaidi ya mara mbili ya wavulana. Timu ya wanawake ya Arsenal peke yake iliwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema na Leah Williamson kati ya Novemba 2022 na Aprili 2023, wote kwa goti, na wote wakakosa Kombe la Dunia. Kuna mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 yanayoitwa FIFA 11+, yasiyohitaji kifaa zaidi ya mpira, ambayo yalipojaribiwa Norway kwa wasichana wapatao 1,900 yalipunguza majeraha kwa karibu theluthi moja. Timu ngapi za wasichana huku zinayafanya mara mbili kwa wiki? Niliyoyaona mimi ni mizunguko mitatu ya uwanja na kunyoosha miguu huku watu wanapiga soga.

Kwa aliyeumia tayari, vipimo vile vya Oslo vina sehemu isiyohitaji hospitali kubwa. Chora mstari kwa chaki. Simama kwa mguu mzima, ruka mbele kwa mguu huohuo, tua bila kuyumba, pima kwa futi kamba. Rudia kwa mguu ulioumia. Mzima ukifika mita moja na nusu, ulioumia lazima ufike angalau mita moja na sentimita 35, yaani asilimia 90. Halafu ruka mara tatu mfululizo, upime tena. Akishindwa, Jumamosi hachezi, hata kama ni fainali na mwenye timu ameshalipia jezi.