Kati ya Mkwawa na Bwana Heri: tumwiteje aliyeweka silaha chini?

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ana chuo kikuu kishiriki Iringa, ana shule ya sekondari, ana makumbusho pale Kalenga. Bwana Heri bin Juma wa Saadani akibahatika ana aya moja katika kitabu cha historia, na ukitaja Saadani leo watu wanawaza hifadhi ya wanyama. Wote wawili walipigana na Wajerumani na wote wawili waliwatia hasara. Kilichowatenga ni mwisho wao. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe, ilhali Bwana Heri alikubali yaishe mwaka 1890.

Kwa kitendo hicho cha Bwana Heri Kiswahili kina maneno tele: kusalimu amri, kujisalimisha, kunyoosha mikono, kubwaga manyanga. Tunayabadilishabadilisha kana kwamba ni kitu kimoja, tukiyachanganya na kushindwa na kukata tamaa, kisha tunagombana kuhusu ushujaa bila kujua kwamba kila mmoja anazungumzia jambo lake.

Aliyeshindwa hakuulizwa. Aliyekata tamaa ameachia moyoni, pengine bunduki bado anayo. Aliyebwaga manyanga ameacha kazi katikati, na si lazima awepo adui wa kumpokea. Hata taulo la ndondi, tunalolitaja kila mara, halitupwi na bondia: hutupwa na mwalimu wake aliye pembeni, wakati mwingine bondia mwenyewe akiwa bado anataka kuendelea. Kusalimu amri ni tofauti na yote hayo kwa sababu kunahitaji pande mbili, mmoja akabidhi na mwingine apokee, na kati yao pawe na sharti, japo liwe hilo moja la kutouawa. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba neno lenyewe ni ndugu wa salama na kusalimika. Dini nayo imeuchukua mzizi huohuo katika kusilimu, ambako mja anajikabidhi kwa Mola wake na hakuna anayesema mtu huyo ameshindwa.

Turudi Saadani. Vita vya pwani vilivyoanza 1888 vilikuwa na majina mawili makubwa. Abushiri bin Salim alikamatwa, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alimbomolea boma, akajenga jingine bara, likavunjwa nalo. Kufikia Aprili 1890 njaa ilikuwa imewashika watu wake. Akasalimu amri kwa masharti, akasamehewa, akaruhusiwa kuurudia mji wake na kuujenga. Ukimtazama Bwana Heri kwa kipimo cha shujaa peke yake, amepungukiwa. Ukiwatazama wale waliokuwa nyuma yake, wanawake na watoto walioishiwa chakula, hesabu inabadilika. Wahenga hawakuwa wajinga waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilibomolewa kwa mizinga Oktoba 1894, na miaka iliyofuata, Mkwawa akiwa porini, waliomlisha na kumficha walilipia kwa mashamba na roho zao. Uhehe ilipata jina kubwa na kilio kikubwa pamoja.

Hoja hii ina nguvu, na naiamini kwa sehemu kubwa. Lakini upande wa pili una shahidi ambaye huwezi kumruka. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alijisalimisha kwa Wajerumani. Mwishoni mwa 1896 wakamtawaza awe mtawala wa Wahehe badala ya ndugu yake. Mapema 1897 wakamnyonga, wakimshuku kuwa anamsaidia Mkwawa kwa siri. Silaha alikuwa ameshaweka chini, na lile sharti moja tu, la kutouawa, halikutimizwa. Mkwawa alikuwa hai bado huko porini, na sidhani kama baada ya hapo kuna mtu angeweza kumshawishi kwamba kujikabidhi ni busara. Watu husema alikuwa na kiburi. Mimi naona alikuwa na ushahidi.

Yupo pia wa tatu, anayesahaulika katika mabishano haya: Machemba wa Wayao, kusini. Mwaka 1890 alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii, kwani yeye ni mtawala katika nchi yake. Alipigana kwa miaka, na mwaka 1899 akavuka kwenda Msumbiji. Hakujiua wala hakusalimu amri. Kwa nini hadithi yake haisimuliwi sana? Nafikiri ni kwa sababu haimalizikii kwenye maiti wala kwenye mkataba, na sisi wasimuliaji tunapenda mwisho unaoonekana.

Wazungu wenyewe waligombania neno hili katika ardhi yetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipositishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, alikuwa katika eneo ambalo leo ni Zambia, akiwa na wazungu wachache, askari Waafrika zaidi ya 1,000 na wapagazi wengi kuliko hao. Kifungu cha 17 cha mkataba wa kusitisha vita kilisema majeshi ya Kijerumani ya Afrika Mashariki yaondoke. Waingereza walimtaka asalimu amri bila masharti. Lettow-Vorbeck alilalamika kwamba kuondoka ni jambo moja na kusalimu amri ni jingine, kisha tarehe 25 Novemba akakabidhi silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Maofisa wake waliachiwa silaha zao. Askari walinyang'anywa bunduki, wakapelekwa kufungiwa kambini Tabora, ambako homa ya mafua ya mwaka ule iliua wengi. Mwezi Machi 1919 yeye alipita Berlin kwa gwaride, akishangiliwa kama jemadari asiyeshindwa. Malipo ya askari wale Ujerumani Magharibi iliyakubali mwaka 1964, wakati wengi hawapo tena. Siku ileile, uwanja uleule, tendo lilelile, na masharti hayakufanana kabisa kati ya aliyekuwa na cheo na aliyekuwa na bunduki ya kuazimwa. Wapagazi ndio kabisa. Hakuna aliyewauliza wanasalimu nini.

Anayesema kujisalimisha ni aibu na anayesema ni busara, kwa maoni yangu, wote wameanzia mahali pasipofaa. Kwanza uliza anapokea nani, na neno lake limewahi kusimama? Tangu kanuni za vita za The Hague za mwaka 1899 ni marufuku kumuua au kumjeruhi adui aliyeweka silaha chini, na ni marufuku vilevile kutangaza kwamba hatasazwa mtu. Marufuku hiyo ikikiukwa, anayeharibikiwa si mateka peke yake: kesho hakuna atakayenyoosha mikono, na vita vitapiganwa hadi mtu wa mwisho. (Bendera nyeupe, kwa njia, katika kanuni hizohizo ni ombi la kuzungumza. Anayeipeperusha hajasalimu chochote bado.)

Siku hizi neno limehamia vituo vya polisi, na huko ndiko linakoniudhi. Mtu anaitwa kutoa maelezo, anakwenda kwa miguu yake na wakili wake, jioni unasoma "ajisalimisha polisi". Wahariri watajitetea kwamba ni neno fupi na polisi wenyewe hulitumia. Sawa, ila msomaji ameshaelewa kwamba aliyejisalimisha alikuwa mkimbizi wa sheria, na hakimu hajafungua hata faili. Kwenda kuitika wito si kujikabidhi. Kwa silaha haramu neno linafaa: mwenye nayo anapewa muda, anaisalimisha, hashitakiwi. Kuna mpokeaji, kuna sharti, kuna tarehe.

Kenya ilijaribu jambo kubwa kuliko hilo Aprili 2015, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Joseph Nkaissery, aliwapa vijana waliojiunga na al-Shabaab siku 10 wajisalimishe wapate msamaha. Waliopinga walisema damu ya wanafunzi 142 haijakauka na tayari serikali inazungumza msamaha. Waliounga mkono walisema kijana asiyeachiwa mlango atabaki msituni. Nawaelewa wote, ila swali la mzazi wa kijana huyo lilikuwa jingine kabisa: mwanangu akirudi, kundi alilolitoroka likimtafuta na polisi nao wakimtilia shaka, nani atamlinda siku ya 11?