Ndugu Mwombaji, Ombi Lako Halijakamilika

Simu ikiita saa kumi na moja alfajiri ujue kuna msiba, au kampuni ya simu inakutangazia kifurushi. Leo si hili wala lile, ni ujumbe wa mfumo wa maombi ya chuo. "Ndugu Mwombaji, ombi lako halijakamilika. Ingia kwenye akaunti yako urekebishe kabla dirisha halijafungwa." Ndugu Mwombaji! Heshima hiyo sipewi hata kwenye kikao cha ukoo. Kipi hakijakamilika, hawasemi. Ni kama ule ununaji wa nyumbani, ukiuliza kosa lako unaambiwa unajua mwenyewe ulichofanya.

Ukisoma tangazo la kuomba chuo cha kati, kazi inaonekana ya dakika kumi. Hatua ya kwanza, fungua akaunti. Aliyeandika hivyo hajawahi kufungua akaunti kwa bando la shilingi mia tano, chini ya mwembe, na simu yenye kioo kilichopasuka kwenye herufi M.

Na kabla ya akaunti ujue unaomba wapi. Kozi za afya, yaani utabibu, uuguzi na ukunga, famasia, maabara na ndugu zao, zinaombwa kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Uhasibu, ugavi, utalii na wenzao unaomba chuo chenyewe. Hapo kila chuo kina mfumo wake, kila mfumo una nywila yake, na kila nywila ina siku yake ya kusahaulika. Usichanganye. Mtu anayelipia fomu ya uuguzi kwa "dada wa pale chuoni" aliyempa namba yake ya simu, huyo hajaomba chuo, ametoa zaka.

Halafu kuna hesabu ya matokeo. Mtoto kapata divisheni ya nne ya pointi 28, nyumba nzima imeshakula ubwabwa. Sharti la kozi nyingi ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Tuhesabu kwa utulivu, bila jazba. Kiswahili C, pointi tatu. Uraia D, nne. Historia D, nne. Elimu ya Dini ya Kiislamu B, mbili, na hiyo ndiyo iliyopigiwa vigelegele madrasa. F tatu, tano tano, kumi na tano. Jumla 28. Sasa toa dini. Yamebaki matatu. Kafaulu mbele ya Mungu, kafeli mbele ya mfumo, na mfumo hauna siku ya msamaha. Ukitaka utabibu ndiyo usiseme: wanataka fizikia, kemia na baiolojia zote ziwe na angalau D. Jiografia yako ya A kaonyeshee mito.

Basi, twende steshenari, maana elimu ya nchi hii ndiko inakoanzia.

Kibanda kina kompyuta moja, printa moja yenye homa za vipindi, feni inayompuliza mwenye duka peke yake, na bango la mkono: MAOMBI YA VYUO, KUSKANI, LUKU, PASPOTI SAIZI, JUISI YA MIWA. Kijana mwenyewe mtaa mzima unamwita Injinia. Aliusomea wapi haijulikani, na hakuna anayeuliza, kwa sababu ndiye pekee mwenye skana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Namwombea kijana chuo."

"Elfu tano, mzee wangu."

"Ndiyo ada ya maombi?"

"Hapana mzee, hiyo ya kukaa kwenye kiti."

Unakaa. Injinia anauliza imeili ya mtoto. Mtoto hana imeili, ana TikTok. Inabidi itengenezwe. Hamisi limeshachukuliwa. Hamisi Juma limechukuliwa. Inaongezwa 2006, inaongezwa tz, inaongezwa saba mbili mwishoni, mpaka kijana uliyempa jina la babu yako kwa heshima zote anaitwa hamisiboytz200677. Nywila wanataka iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Injinia hana shida, anayo moja anayoupa mtaa mzima. Watoto arobaini wa kata hii wamefungwa kwa kufuli moja, na ufunguo kautundika mlangoni.

"Namba ya mtihani, mzee."

Hapo ndipo shughuli ilipo. S, kisha tarakimu nne za kituo, nne za mtahiniwa, kisha mwaka. Aliyefanya kama mtahiniwa wa kujitegemea anaanza na P. Kati yake mfumo huu unataka mkwaju, yaani /, ule unataka nukta, na ukikosea huambiwi umekosea, unaambiwa mtoto hayupo duniani. Injinia anaandika kwa vidole viwili, anabofya, kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Feni inazunguka. Nyuma yako foleni imefika watu saba, mmoja kabeba kuku.

"Mzee, mtoto wako si anaitwa Rehema?"

"Anaitwa Hamisi."

"Hapa imeleta Rehema." Anasogelea kioo. "Ana divisheni ya kwanza, mzee."

Kibanda kizima kinanyamaza. Hata kuku. Nakwambia kuna sekunde kama nne ambazo mzazi mwadilifu, mjumbe wa kamati ya shule, mwenye tasbihi mfukoni, anawaza kama Hamisi anaweza kuzoea kuitwa Rehema.

Kosa ni la mwaka. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, matokeo yanatoka Januari ya mwaka unaofuata. Kijana kafanya Novemba 2023, matokeo kayapokea 2024, basi kila mtu pale nyumbani anasema "alimaliza 2024". Mfumo unataka mwaka wa mtihani. Ukiandika 2024 unaletewa mtoto wa watu aliyekalia namba ileile mwaka uliofuata. Injinia anarudisha 2023, Hamisi anajitokeza na F zake tatu, foleni inaguna kwa huruma, mwenye kuku anakupa pole ya mkono. Siri za familia yako zimeshaanza kuelekea sokoni.

"Namba ya simu naweka yangu, mzee. Msimbo unaingia haraka."

Hapo ndugu yangu kataa! Simama juu ya kiti ulichokilipia, kataa! Kila kitakachotokea baadaye, ujumbe wa kuchaguliwa, wa kurekebisha, wa kuthibitisha, msimbo wa kubadili nywila, vyote vinakwenda kwenye namba hiyo. Lakini wewe simu imebaki asilimia mbili, mtoto laini yake kaipoteza kwenye bodaboda, foleni inasonya. Unasema weka tu.

Picha. Mfumo huu unataka mandhari ya bluu, wenzao wa kule wanataka nyeupe, na simu imepiga picha ya MB nne wakati mfumo unataka kijifaili kisichofika hata MB moja. Injinia anaipunguza. Anaipunguza tena. Mwisho uso wa mtoto umebaki vidoa sita na masikio, kama tangazo la anayetafutwa. Cheti cha kuzaliwa kimeskaniwa kikiwa kimelala ubavu, kidole gumba cha Injinia kimefunika tarehe. Mfumo unapokea bila kinyongo. Mfumo haujali leo. Atakayejali ni binadamu atakayefungua faili hilo wiki tatu baadaye, ndipo nawe uletewe ujumbe alfajiri.

Machaguo ya kozi anakushauri Injinia, kwa sauti ya daktari bingwa. "Weka famasia, mzee, ina soko." Kijana F ya kemia iko palepale kwenye kioo, inatutazama.

Inakuja kontroo namba ya kulipia. Tarakimu kumi na mbili, zinaanza na 99. Unakwenda kwenye malipo ya serikali kwenye simu, si kwenye tuma pesa, na kabla ya namba ya siri unasoma jina la anayelipwa. Ukiona jina la mtu badala ya taasisi, rudisha simu mfukoni taratibu na uondoke kama uliyesahau maharage jikoni. Umelipa. Ujumbe umeingia. Mfumo unasema hujalipa. Injinia anaonyesha upya ukurasa. Hujalipa. Tena. Hujalipa. Unamwonyesha Injinia ujumbe kwenye simu, kana kwamba Injinia ndiye hazina ya taifa. Baada ya juisi mbili za miwa, ambazo nazo unalipa, mfumo unakubali.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo walipozikwa wengi. Kulipa siyo kuomba. Baada ya malipo kuna ukurasa wa mwisho, chini kabisa, baada ya kiapo kirefu, kuna kisanduku cha kuweka tiki kwamba taarifa ni za kweli, na chini yake kitufe kimeandikwa Wasilisha. Kisipobofywa, hela imekwenda na ombi limebaki limesimama mlangoni na begi lake. Injinia ameshika kipanya, mshale unateremka, unateremka, umekaribia...

Umeme ukakatika.

"Tayari mzee, ilishakwenda."

Haikwenda! Ingekuwa imekwenda ungekuwa na karatasi iliyoprintiwa yenye neno "imewasilishwa" na tarehe. Usitoke bila karatasi hiyo, hata kama itabidi usubiri umeme mpaka swala ya isha. Lakini nani husubiri. Unatoka, unapiga simu nyumbani, unawaambia kijana kashaomba, mama mtu anawaambia majirani kijana ni mfamasia.

Ndiyo maana ya ujumbe wa leo. Tena umeletwa na Injinia, yeye ndiye anayepokea, kaupeleka mbele na akaongeza "Mzee vp". Vipi! Ukitaka kuingia, mfumo unatuma msimbo kwenye simu ya Injinia, Injinia yuko Korogwe harusini, huko mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja. Nywila ya mtaa inakataa, kwa sababu siku hiyo, kati ya siku zote, aliamua kuweka z ndogo. Ukijaribu sana akaunti inajifunga. Na dirisha nalo linafungwa Ijumaa.

Jamani, hebu. Mtu kauza mbuzi. Kaambiwa ada ya maombi hairudishwi. Kalipa ya kwanza, mwaka ukakosewa. Kalipa chuo cha pili kwa tahadhari, cha tatu kwa woga. Mtoto wa Liwale analala mjini kwa shemeji siku tatu ili akabofye kitufe kimoja. Anachoomba ni nafasi ya kusoma, hajaomba kura ya mtu. Mbona kitufe chenyewe kisiwekwe juu?

Sijamaliza. Majina. Cheti cha kuzaliwa Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanahamis, kwa sababu mwalimu wa usajili i ya mwisho aliiona ni anasa. Tofauti ya herufi unakwenda kwa wakili kula kiapo. Jina likiwa limebadilika kabisa, kiapo hakitoshi, unahitaji hati ya kubadili jina, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Ndiyo, Ardhi. Jina lako na shamba lako vinakaa ofisi moja. Na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu ishirini, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo wale mliowapunguzia watoto miaka wakacheze UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, mmeonekana.

Wapo wanaoona bora VETA, vyuo vya ufundi stadi. Ada ya huko tuliyoizoea, 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni, inamtia mzazi adabu ya furaha. Lakini nako kuna kuchagua fani, watoto wote wanaandika umeme, hakuna anayeandika uashi, na usaili upo. Na nyuma zaidi kuna vile vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza 1975 kwa wazo lililochukuliwa Sweden: mtu mzima anaingia kujifunza, cheti si hoja. Unakuja na mikono yako miwili na hamu. Hebu fikiria, chuo hakikuulizi mandhari ya picha!

Yote tisa. Siku dirisha linafungwa, saa tano usiku, baada ya watu kuazima, kulia na kusafiri, linatoka tangazo: muda umeongezwa wiki mbili. Waliokimbia wanajiona wajinga. Waliozembea wanasema walijua.

Na ukichaguliwa usishangilie, fungua maelekezo ya kujiunga. Fomu ya afya isainiwe na daktari wa hospitali ya serikali, mkojo, kinyesi, damu, macho. Bima ya afya ya mwanafunzi, ile ya 50,400. Godoro futi mbili na nusu. Shuka jozi mbili rangi watakayo wao, ambayo Kariakoo iliisha wiki iliyopita. Ndoo, fagio la chelewa, na fyekeo. Na rimu moja ya karatasi. Hili rimu linaninyima usingizi. Wanafunzi 300 kila mmoja rimu moja, rimu lina karatasi 500, hizo ni karatasi 150,000, kwa chuo kinachokataa fomu ya karatasi kwa sababu siku hizi ni mtandaoni. Zinakwenda wapi? Wanakula?

Na mafyekeo je? Mafyekeo 300 kila mwaka, mwaka nenda mwaka rudi. Juzi nimepita nje ya uzio wa chuo kimoja kama hicho. Majani yamefika kifuani, na mbuzi mmoja kafungwa pale katikati, kwa kamba, ndiye anayefyeka.